Dada Zake Sultani

Usiku mmoja wa Oktoba 1859, kundi la wanawake lilitoka katika nyumba moja ya mjini Unguja, likapita katikati ya askari waliokuwa wameizingira nyumba hiyo. Walikuwa wamejifunika gubigubi, macho tu ndiyo yaliyoonekana. Askari waliwatazama, wakawapisha. Wangefanya nini? Hao walikuwa dada zake Sultani pamoja na wajakazi wao, na katika Unguja ya siku zile hakuna askari ambaye angethubutu kumfunua uso binti wa Seyyid Said ati ahakikishe ni nani.

Katikati ya kundi hilo alikuwamo bibi mmoja mrefu mno. Ili asishtukiwe, wanawake warefu kuliko wote walipangwa watembee ubavuni mwake.

Bibi huyo alikuwa mwanamume. Aliitwa Barghash bin Said. Alikuwa amepanga kumpindua kaka yake, Sultani Majid, lakini mpango ukavuja, akafungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwanzoni alikataa katakata kuvaa nguo za kike. Dada zake wakambembeleza, wakamvisha. Walipofika nje ya mji alikutana na wafuasi wake, akatokomea nao gizani.

Jina la Barghash huenda unalijua. Ndiye aliyekuja kuwa Sultani mwaka 1870, akajenga Beit al-Ajaib pale mbele ya bahari, akaleta maji ya mfereji mjini. Ukienda Unguja leo, mwongoza watalii atakutajia jina lake kabla hujamaliza kununua maji ya kunywa. Lakini waliomvusha usiku ule je? Khole, Salme na Meje. Salme anajulikana kidogo, kwa sababu baadaye alitoroka na Mjerumani na kuandika kitabu. Hao wengine ni majina tu, tena kwa wachache waliosoma kitabu hicho.

Sisi hupenda sana stori za kifalme. Tunaweza kukesha tukitazama tamthilia za makasri ya Uingereza na Uturuki, tukibishana nani aliolewa na nani. Na kumbe hapa kwetu pwani, umbali wa saa chache kwa boti kutoka Tanga, palikuwa na nyumba ya kifalme yenye visa vinavyoshinda tamthilia zote hizo. Tofauti ni kwamba katika visa hivi tunajua bei. Karibu kila mama katika nyumba ile alinunuliwa.

Nyumba ya watu elfu moja

Twende kwanza Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja. Leo ni magofu kando ya bahari. Katikati ya karne ya 19 palikuwa makao ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyehamishia enzi yake Unguja, akapanda mikarafuu, na mwaka 1837 akaiteka Mombasa kutoka kwa Wamazrui. Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anakadiria kwamba watu kama 1,000 waliishi katika jumba hilo na viunga vyake.

Mwenye amri humo ndani alikuwa Azza binti Seif, mke halali wa Seyyid Said, mwanamke wa ukoo wa kitawala kutoka Omani. Salme anamkumbuka kama mtu mfupi sana, asiye na sura ya kutisha, lakini ambaye kila mmoja alimwogopa. Watoto wa mumewe walikwenda kumwamkia asubuhi kama vile wanafunzi wanavyokwenda ofisi ya mwalimu mkuu. Hakumzoea mtu, wala hakuna aliyethubutu kumzoea. Nguvu zake zote zilikuwa katika cheo, maana kitu kimoja hakujaliwa: hakupata mtoto.

Seyyid Said alipofariki aliacha watoto 36 walio hai, wavulana 18 na wasichana 18. Wote, kila mmoja wao, walizaliwa na masuria. Salme anataja masuria 75 waliokuwako baba yake alipokufa. Walitoka Circassia na Georgia kwenye milima ya Caucasus, walitoka Uhabeshi, walitoka Mesopotamia. Kiarabu kilikuwa lugha rasmi ya jumba, lakini mkubwa akigeuza mgongo tu, ungesikia Kiajemi, Kituruki, Kicircassia, Kinubi, Kihabeshi, na Kiswahili kikiunganisha wote.

Hebu fikiria maana yake. Sultani Majid alikuwa mtoto wa mwanamke wa Circassia aliyeitwa Sara. Sultani Barghash alikuwa mtoto wa Mhabeshi. Wanaume hawa walitawala pwani yetu, walitia saini mikataba na Waingereza, walipigiwa mizinga ya heshima. Na mama zao waliingia katika jumba lile kama bidhaa.

Desturi ya nyumba ilikuwa hivi. Suria akimzalia bwana wake mtoto, hauzwi tena, na bwana akifa yeye anakuwa huru. Mtoto mwenyewe huzaliwa huru, na anarithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Kwa hiyo utumwa wa mama haukumzuia mtoto kuwa mfalme. Ndiyo maana watu wengi, hata leo, husema utumwa wa jumbani haukuwa utumwa hasa. Walikula vizuri, walivaa hariri na dhahabu, walikuwa na watumwa wao wenyewe. Kabla hujakubali hoja hiyo, msikilize Jilfidan.

Jilfidan

Jilfidan ni mama yake Salme. Alizaliwa Circassia, baba yake alikuwa mkulima, na walikuwa watoto watatu: kaka, yeye, na mdogo wao wa kike. Siku moja vita vilipofika kijijini kwao, wavamizi waliwaua wazazi wote wawili. Wapanda farasi watatu wakawabeba watoto, kila mmoja na wake. Siku nzima Jilfidan alimsikia mdogo wake akimlilia mama yao. Jioni wapanda farasi wakaachana njia. Kilio kikapotea. Hakusikia tena habari za kaka wala za mdogo wake maisha yake yote.

Alifika katika nyumba ya Seyyid Said akiwa bado mdogo, wa miaka saba au minane hivi. Jino lake la kwanza liling'oka akiwa huko. Alilelewa pamoja na binti za Sultani, akacheza nao, akafundishwa kusoma pamoja nao, jambo lililokuwa nadra kwa suria. Alipokua, baba wa rafiki zake wa kucheza akamfanya suria wake. Salme anaisimulia habari hii bila kushtuka, kama jambo la kawaida kabisa. Msomaji wa leo ndiye anayeweka kitabu chini kwanza.

Jilfidan alizaa binti aliyekufa mchanga, kisha akamzaa Salme. Alijulikana kwa kuuguza wagonjwa wa jumba zima. Alikwenda kutoka chumba hadi chumba na kitabu chake, akiwasomea. Yeye na Sara, mama yake Majid, walikuwa wa nchi moja, na waliahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atawalea watoto waliobaki. Sara akatangulia. Jilfidan akatimiza ahadi. Ndiyo sababu Salme, akiwa na umri wa miaka saba, alihama Mtoni na mama yake wakaenda kuishi mjini kwa Majid, katika nyumba iliyoitwa Beit al-Watoro. Majid alikuwa kijana, anaugua kifafa, na alimpenda huyu mdogo wake. Alimfundisha kupanda farasi, kupiga risasi na kushika upanga. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji.

Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirudi Unguja kutoka Omani. Kwa desturi ile niliyoitaja, siku hiyo Jilfidan akawa huru. Alikuwa mtumwa tangu kabla hajang'oka jino, na uhuru wake ukaja siku aliyofiwa. Hakuufaidi sana. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1859 kikafagia watu, na yeye akawa mmoja wao. Salme alikuwa na miaka 15.

Binti wa Kiajemi asiyekubali kukaa ndani

Kati ya wanawake wote wa nyumba ile, mmoja alikuja kwa hiari, na mmoja huyo huyo akaondoka kwa hiari. Wenyewe walimwita Shahzade, yaani mwana wa mfalme. Alitoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi, akaolewa na Seyyid Said uzeeni mwake, na akafika Unguja na kikosi chake cha wapanda farasi. Alijengewa nyumba yake, Beit al-Tani, jirani na Beit al-Sahel, jumba kuu la mjini.

Basi mji ukapata umbea wa kutosha. Shahzade alivaa lulu na vito kuanzia kichwani hadi miguuni. Alitoka kwenda kuwinda na wapanda farasi wake, uso haukufunikwa sana, wala hakujali wanaomtazama. Wanawake wa jumbani walishangaa, wengine walikasirika. Ndoa haikudumu. Seyyid Said alimpa talaka, akarudi kwao.

Salme anaongeza jambo moja. Miaka michache baadaye, watu wa Omani walipopigana na Waajemi katika bandari ya Bandar Abbas, wapiganaji wa upande wa Omani walisimulia kwamba waliona mwanamke mrembo wa ukoo wa kifalme kati ya maadui, hodari wa kulenga. Kila mtu Unguja alimjua ni nani.

Kisa hiki kinapendeza, na ni rahisi kukifanya kuwa kisa cha mwanamke shujaa tu. Lakini tazama kilichomwezesha. Shahzade alikuwa na mahali pa kurudi. Alikuwa na baba, na ukoo, na farasi wake mwenyewe. Jilfidan angerudi wapi? Kwa nani?

Karani wa mapinduzi

Sasa turudi kwenye mwaka 1859. Baada ya kifo cha Seyyid Said enzi iligawanyika. Thuwaini akabaki na Omani, Majid akachukua Unguja na pwani yetu. Barghash, aliyekuwa melini baba yake alipofariki, aliuleta mwili na kuuzika usiku kimya kimya akitarajia kushika madaraka kabla Majid hajapata habari. Haikufaulu. Akaanza kupanga upya, na safari hii akawategemea dada zake.

Khole alikuwa kipenzi cha marehemu baba yao. Mama yake alitoka Mesopotamia. Uzuri wake ulisifiwa mji mzima, wakamwita nyota ya asubuhi. Alimpenda Barghash kupita ndugu wote, akaamua kwamba yeye ndiye anayefaa kutawala. Meje alikuwa dada wa Barghash wa baba mmoja mama mmoja. Yeye tangu mwanzo aliona hatari na akaonya, lakini hakumwacha kaka yake. Walikuwamo pia Shembua na Farshu, wapwa zao matajiri, binti za marehemu Khaled bin Said, waliokuwa wamerithi shamba kubwa lenye jumba la kifahari ambalo baba yao aliliita Marseille, kama mji ule wa Ufaransa. Shamba hilo ndilo liliteuliwa kuwa ngome ya waasi.

Na alikuwamo Salme, ndiyo kwanza amefiwa na mama. Anaeleza waziwazi kwamba aliingia katika njama kwa sababu ya Khole, ambaye alimpenda mno. Majid, ambaye walikuwa wanataka kumpindua, ndiye aliyemlea.

Kwa nini walimhitaji binti wa miaka 15? Kwa sababu alijua kuandika. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika ilikuwa marufuku kwao. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa bapa wa bega la ngamia. Siri ilipofichuka, watu walinong'ona wee wakachoka. Sasa ujuzi ule ule uliomletea fedheha ukawa mali. Barua za kuwaita machifu, za kuagiza bunduki na baruti, zote zilitoka mkononi mwake. Mapinduzi ya mwanamume yaliendeshwa na karani msichana.

Ulivyokwisha mchezo huo ni hivi. Barghash alivushwa usiku ule, akafika Marseille. Pamoja naye alikuwa mdogo wao Abdulaziz, mvulana wa miaka 12. Majid akatuma majeshi, na wanajeshi wa majini wa Uingereza wakamsaidia. Marseille ilipigwa hadi ikaharibika kabisa, na watu wengi wakafa pale. Barghash akakimbilia mjini, akasalimu amri, akapelekwa uhamishoni Bombay. Abdulaziz akaenda naye.

Dada zake hawakufungwa. Majid aliwasamehe, au tuseme aliwaacha. Lakini mji haukuwaacha. Marafiki waliacha kuwatembelea, wafanyabiashara wakawakwepa. Hesabu ya maiti wa Marseille ilikuwa pia juu yao, na Salme anakiri kwamba jambo hilo lilimlemea.

Kisha yakaja masuala madogo yanayovunja familia kubwa. Majid alimwomba Salme ampe balozi wa Uingereza nafasi ya kukaa katika shamba la Bububu. Salme akakubali. Pengine aliona ni njia ya kuomba radhi kwa kaka aliyemlea. Khole hakulisamehe kamwe. Kwake, balozi huyo ni mtu yule yule aliyempeleka Barghash uhamishoni. Wanawake wawili waliokuwa wamehatarisha kila kitu pamoja wakaacha kuzungumza.

Nani alilipa

Hapa ndipo hesabu inaponikera. Barghash, kiongozi wa uasi, alikaa Bombay miaka kama miwili, akarudi nyumbani. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akawa Sultani, akatawala hadi alipofariki mwaka 1888. Uasi wake ukawa aya fupi katika ujana wake.

Salme, akiwa amekatwa na upande mmoja wa familia na hajapokelewa vizuri na mwingine, alijikuta mpweke mjini. Akampenda jirani, mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Heinrich Ruete. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, alitoroka kwa manowari ya Uingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaitwa Emily, wakaoana mwaka 1867, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi.

Mwaka ule ule, aliyemwandikia barua za mapinduzi alikuwa ameshika kiti. Salme akatumaini. Barghash alipozuru London mwaka 1875 alisafiri kwenda kumwona, lakini wakubwa wa Uingereza wakamzuia, maana walikuwa na mazungumzo yao na Sultani na hawakutaka kuyachafua. Mwaka 1885 alirudi Unguja, safari hii kwenye meli ya Kijerumani, kwa kuwa Ujerumani nayo ilitaka kumtumia kumshinikiza Barghash. Alisimama mjini kwao, watu wakamzunguka kumsalimu, na kaka yake akakataa kumpokea. Urithi wake hakupewa. Yule aliyeokolewa na kalamu ya Salme hakutaka hata kusikia jina lake.

Unaweza kusema alibadili dini, na katika nyumba ile hilo lilikuwa kosa lisilosameheka. Ni kweli. Lakini hata Khole na Meje, ambao hawakubadili chochote, historia imewasahau vilevile. Katika ukoo wa kifalme, mwanamume akishindwa anaenda uhamishoni na anaweza kurudi. Mwanamke akishindwa, anafutwa tu.

Si wanaume wote waliorudi, hata hivyo. Tazama Khalid, mtoto wa Barghash. Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki ghafla, Khalid aliingia jumbani akajitangaza mtawala bila idhini ya Waingereza. Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, manowari zikaanza kupiga. Ndivyo vile vita tunavyovicheka katika maswali ya chemshabongo, vita vifupi kuliko vyote duniani, havikufika hata saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, wakiwamo askari na watumwa wa jumba. Kwa Waingereza, baharia mmoja alijeruhiwa.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza walingoja nje wamkamate akikanyaga tu ardhi ya Unguja. Wajerumani wakasubiri maji yajae, mashua ikafika hadi mlangoni, akaingia bila kugusa ardhi, akapelekwa Dar es Salaam. Baba alivushwa kwa shela, mtoto akavushwa kwa bamvua. Lakini Khalid hakupata bahati ya baba yake. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walimkamata, wakampeleka kisiwa cha St Helena, kisha Ushelisheli. Mwishowe wakamruhusu kuishi Mombasa, na hapo ndipo alipofariki mwaka 1927. Sultani wa siku mbili alimalizia maisha yake katika mji wetu, na wengi tunapita mitaa ile ile bila kujua.

Wasio na majina

Tunamjua Jilfidan, na Shahzade, na Khole, kwa sababu Salme alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa kati ya tawasifu za kwanza kabisa zilizochapishwa na mwanamke Mwarabu. Bila mfupa ule wa ngamia, tungekuwa na orodha ya masultani tu.

Lakini kitabu hicho hicho kina sura inayotetea utumwa. Salme anawaambia Wazungu kwamba utumwa wa Mashariki si kama ule wa Marekani, kwamba watumwa walitunzwa, kwamba Waafrika wasiposukumwa hawafanyi kazi. Huyu ni mtu ambaye mama yake alinyakuliwa juu ya maiti za wazazi wake. Alikisimulia kisa hicho kwa uchungu, kurasa kadhaa mbele akakitetea chombo kilichokileta. Ukisoma unatamani kumuuliza: Seyyida, kilio cha yule mtoto juu ya farasi ulikisahau wapi?

Jibu, nadhani, liko katika muundo wa nyumba yenyewe. Masuria walikuwa na watumwa. Watoto wa masuria walirithi mashamba, na mashamba hayana maana bila wa kuyalima. Kila aliyepanda ngazi moja alikanyaga wa chini yake, na wote walijiambia kwamba wao si watumwa hasa. Mwaka 1897, chini ya shinikizo la Waingereza, Sultani Hamud alitoa amri ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Amri hiyo iliwaruka masuria, kwa hoja kwamba wao ni kama wake. Ilibidi waingoje hadi mwaka 1909. Yaani katika orodha ya waliofunguliwa, wanawake waliozaa masultani walikuwa wa mwisho.

Upande wetu wa Kenya, utumwa ulifutwa mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani, iliyowafaa waliokuwa na karatasi na mashahidi wa kuheshimika. Ukanda wa maili kumi uliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya Sultani, Waingereza wakimlipa kodi, hadi Desemba 1963. Waliolima mashamba yale, na watoto wao, na wajukuu wao, wengi waligeuka maskwota juu ya ardhi waliyoilima wao wenyewe. Ukisikia leo kesi za mashamba kule Kilifi au Kwale, unasikia mkia wa stori hii ya kifalme.

Ndiyo maana sitaki tuisome kama tamthilia tu. Khole anastahili kukumbukwa. Meje, aliyeonya akapuuzwa kisha akabaki na ndugu yake, anastahili pia. Hata Abdulaziz wa miaka 12, anayeburutwa hadi Bombay kwa vita vya wakubwa. Lakini rudi kidogo kwenye usiku ule wa Oktoba, utazame kundi likipita mbele ya askari. Salme ametuandikia majina ya dada zake. Wale wanawake warefu waliopangwa ubavuni mwa Barghash, walioweka miili yao kati yake na bunduki za Majid, hawakurithi shamba, hawakupata kaka wa kuwa Sultani, na kama njama ingegunduliwa palepale, wao ndio wangekuwa wa kwanza kupigwa. Walikuwa watumwa wa nyumba hiyo. Salme, aliyekumbuka hata vito vya Shahzade, anawakumbuka kwa urefu wao tu.